Rangi Ikibambuka Kanisani, Tazameni Gata Kwanza

Kamati ya ujenzi ya kanisa moja kongwe hapa Mombasa iliniita niwasaidie kuchagua rangi. Walikuwa wameshapaka mara tatu katika miaka minne, na kila masika yakipita rangi huvimba kama chapati kwenye kikaango, kisha ikabambuka. Nilikwangua ukuta kwa ufunguo, ukatoka unga mweupe. Nikamwomba mzee mwenyekiti auonje. Akautema papo hapo. "Mwanangu, hii ni chumvi!"

Basi shida haikuwa rangi.

Majengo mengi ya zamani ya kisiwa hiki, tangu Ngome ya Yesu iliyoanza kujengwa 1593, ni ya mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na kanisa hilo ni vivyo hivyo. Jiwe la matumbawe lina vitundu tele. Mvua hulilowesha, kusi hulipulizia chumvi ya bahari, kisha jua na upepo hulikausha. Chokaa ni ndugu yake wa damu: matumbawe yakichomwa tanuuni hutoa hewa ya kaboni, na chokaa ikishakorogwa na kupakwa huivuta tena hewa hiyo polepole hadi ikarudi kuwa jiwe. Plasta ya chokaa ni laini na hupitisha unyevu, na ulaini huo si kasoro. Hukubali kuliwa yenyewe ili jiwe lisalimike.

Hapo kanisani plasta hiyo ilikuwa imebanduliwa na kupigwa simiti upande wa nje. Ilipendeza, hilo silikatai. Lakini simiti hupasuka nyufa nyembamba kama unywele, maji yakaingia na yasipate njia ya kutokea. Yanapokauka kidogo kidogo, chumvi hugeuka chembe, chembe zinakua ndani ya vitundu na kulivunja jiwe. Niligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, ukalia kama debe tupu. Nyuma ya ile plasta ngumu, jiwe lilikuwa limeshaanza kuwa mchanga.

Tukazunguka nje kutafuta maji yanakotoka. Mlizamu wa kukinga maji ya paa, au gata kama mafundi wanavyouita sasa, ulikuwa umejaa majani ya mwarobaini, na ndani yake umeota mkuyu mchanga wenye mizizi inayotafuta ukuta. Bomba la kuteremshia maji lilikuwa limekatika juu ya kichwa cha mtu, likimwaga yote ukutani. Ndani ya kanisa sakafu ya zamani ilikuwa imefunikwa kwa vigae vinavyong'aa, kwa hiyo unyevu wa ardhini uliokuwa ukitokea sakafuni sasa unakimbilia kutani.

Naelewa vigae vilikotoka. Watu wakichanga kwenye harambee wanataka kuona kitu, na sijawahi kumwona mgeni wa heshima akikata utepe wa gata. Hata hivyo shilingi ya kwanza iende huko juu: gata zisafishwe kabla ya masika na tena kabla ya vuli, mabomba yaungwe, maji yapelekwe mbali na msingi. Ndipo simiti ibanduliwe kwa mkono, kwa nyundo na tindo. Mashine hutikisa mawe. Mashimo yatomelewe kwa vijiwe na chokaa, kisha ipigwe plasta ya sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga usio na chumvi, ifunikwe magunia mabichi isikaushwe na jua. Umaliziaji uwe wa chokaa pia. Rangi ya plastiki inarudisha ugonjwa uleule.

Sisemi kanisa lisibadilike. Bibi anayekuja na kiti cha magurudumu anastahili njia ya mteremko. Ijengwe kando, isichimbiwe ukutani. Waya za vipaza sauti na feni zipite kwenye maungio ya chokaa, si kwa kutoboa mawe. Madirisha ya mbao yatengenezwe, msiyabadilishe kwa alumini. Upepo unaopita ndani yake ndio unaokausha kuta. Na mkikuta kitu cha zamani stoo, msikiuze chuma chakavu. Mtaa mzima wa Kengeleni umepata jina kwa kengele moja tu ya Frere Town, makazi ya waliokombolewa utumwani yaliyoanzishwa 1875.

Jengo likiwa limetangazwa rasmi kuwa turathi chini ya sheria ya mwaka 2006, kibali kitangulie fundi. Ulizeni Makumbusho ya Kitaifa mapema, kabla hamjanunua hata mfuko mmoja.

Mwenyekiti aliniuliza kama kila kitu kitakuwa tayari kwa Krismasi. Ukuta ulioloweka hukauka kwa makadirio ya inchi moja ya unene kwa mwezi, nao wao una inchi 20. Nikamwambia gata zitakuwa tayari.