Tindo Iliyokatika Haikuwa Laini

Juzi mchimbaji mmoja kutoka Chunya aliingia karakanani kwangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, akaweka mezani vipande viwili vya tindo. "Fundi, chuma hiki laini, kimekatika. Safari hii kitie maji vizuri, kikaze." Maneno hayo nimeyachoka. Kila mwezi anakuja mtu mwingine nayo.

Chuma laini hakikatiki namna ile. Kinapinda, ncha inajikunja, kichwa kinachanua kama uyoga. Kinachokatika kikavu, bila kupinda hata kidogo, ni kigumu kupita kiasi. Nilimwonyesha pale penye mkato: punje kubwa zinametameta kama sukari. Aliyeifua aliichoma hadi ikawa ya njano, akaizamisha kwenye ndoo ya maji baridi, akamkabidhi. Tindo ya hivyo, faili inateleza juu yake kama juu ya kioo, na mnunuzi anafurahi. Ikifika duarani, yaani kwenye shimo la mgodi, nyundo chache tu, imekwisha.

Ugumu ni kukataa kukwaruzwa. Kustahimili pigo ni jambo lingine kabisa, na mara nyingi ukiongeza la kwanza unalipunguza la pili. Ukizima chuma, yaani ukikipoza ghafla kikiwa chekundu, kaboni inanaswa ndani kabla haijapata nafasi ya kujitenga, chuma kinabaki kimejibana. Kukirudishia moto, yaani kukipasha tena kwa joto dogo, ndiko kunakokilegeza. Unaachia ugumu kidogo kwa makusudi, ndipo tindo inaishi.

Mimi nafua tindo kutoka springi za malori. Kaboni yake ni kama asilimia 0.6. Za Kijapani aina ya SUP9 zina kromiamu na manganisi. Za Kichina aina ya 60Si2Mn zina silikoni karibu asilimia 2. Zote nazima kwenye oili, kwa sababu viungo hivyo vinaufikisha ugumu hadi ndani hata chuma kikipoa taratibu. Maji yataleta nyufa. Viwandani wana chuma cha zana kiitwacho S7, ambacho inakazwa kwa kupozwa hewani: kromiamu asilimia 3.25, molibdeni 1.4, na kaboni nusu asilimia tu. Waliibuni kwa kazi ya kupigwa, wakaibana kaboni. Faili ina zaidi ya asilimia 1, ndiyo maana nakataa kufua tindo kutoka kwenye faili kuukuu, hata ukinibembeleza.

Moto wa kuzimia: sumaku ikiacha kushika, karibu nyuzi 770, panda kidogo hadi 830 au 850, tulia, zima. Fanya kivulini, juani rangi haionekani.

Sasa rangi za kurudishia moto, ndizo zinazoninyima usingizi. Ukisugua chuma kikang'aa, kisha ukakipasha, manjano ya majani makavu inakuja karibu nyuzi 225, zambarau 275, buluu 300. Mzee aliyenifundisha alisimamia zambarau inayoelekea buluu, na tindo zake zilidumu. Lakini kati ya nyuzi 260 na 370 hivi kuna ukanda ambapo vyuma vingi vinapoteza ustahimilivu wa pigo huku ugumu nao unashuka. Unapoteza kotekote, na zambarau ya mzee imo humo humo. Silikoni inausogeza ukanda huo juu zaidi, kwa hiyo kwa springi ya Kichina namwamini mzee. Kwa ya Kijapani moyo haujatulia. Tena rangi hufuata muda pia, si joto peke yake, na kromiamu inaichelewesha, kwa hiyo jicho linaweza kukupitisha pale ulipotaka kusimama. Siku hizi ya Kijapani naiweka kwenye oveni nyuzi 200, kwa muda wa saa mbili, nikikubali ncha iwe ngumu kidogo kuliko ninavyopenda.

Kichwa cha tindo usikizime kamwe. Kiache laini, na kikichanua kisage kwa grainda kabla hujapiga tena, maana kipande kinachoruka pale kinaingia jichoni.

Vile vipande viwili sikuvitia maji. Nimemfulia tindo nyingine kutoka springi ya Kichina, nikamwambia ncha ikijikunja aniletee niichonge upya, na asimpe mtu mwingine aizamishe ndooni.