Je, wajua kwa nini mawe ya daraja la Rainhill yamelala mshazari?

Kando ya stesheni ya Rainhill, mashariki ya jiji la Liverpool nchini Uingereza, lipo daraja la mawe linalopitisha barabara juu ya reli, na ambalo mashine za kwanza za mvuke zilipoanza kupita chini yake lilikuwa tayari limesimama. Abiria akiinua macho alitazame kwa chini, ataona jambo lisilo la kawaida: kozi za mawe, yaani safu zake, hazikulala sambamba na reli, kama zilivyo katika matao mengi, bali zinapanda kwa mshazari kama nyuzi za parafujo. Hilo si pambo. Bila mpangilio huo, daraja lisingesimama.

Reli yenyewe ni ile ya Liverpool hadi Manchester, yenye urefu wa takriban kilometa 50, iliyofunguliwa tarehe 15 Septemba 1830 chini ya uhandisi wa George Stephenson. Ilipofika Rainhill ilikutana na barabara kuu ya zamani iendayo Warrington, lakini hazikukutana kwa pembe mraba. Zilikatana kwa nyuzi 34 tu. Waliojenga mifereji kabla ya hapo walikuwa na dawa rahisi ya tatizo kama hili, nayo ni kuipindisha barabara ivuke kwa pembe mraba, kisha kuipindisha tena irudi njia yake. Punda na mkokoteni wangestahimili kona mbili za ghafla, ila kwa magari ya farasi yaendayo kasi ingekuwa hatari. Kuipindisha reli nako hakukufaa, kwani sehemu hiyo ilinyooka na kuwa tambarare. Ikabidi daraja lenyewe ndilo likae upande.

Kwa nini hilo ni gumu? Katika tao la kawaida, kila jiwe huchongwa kama kabari, nene juu na jembamba chini, nalo likielemewa humsukuma jirani yake, naye humsukuma anayefuata, mpaka mkandamizo ufike kwenye ukuta wa kando na kushuka ardhini. Nguvu hiyo husafiri ikizikata kozi kwa pembe mraba. Sasa fikiria daraja ambalo, likitazamwa kutoka angani, si mstatili bali ni msambamba wenye pembe kali. Mwashi akizipanga kozi sambamba na kuta kama alivyozoea, sehemu ya tao iliyo karibu na pembe kali itaanzia kwenye ukuta mmoja, lakini upande wa pili haitakuta ukuta wa kuipokea, itakuta ukingo wa daraja na hewa tupu. Mawe ya hapo yangesukumwa nje na kuanguka.

Tiba yake ni kuzigeuza kozi zikatane na ukingo wa daraja kwa pembe mraba, ili mkandamizo ufuate njia ya barabara na kukuta ukuta kila upande. Kwa maneno ni rahisi. Kwa patasi ni kazi nyingine kabisa. Chukua karatasi, uichore mistari ya mshazari iliyonyooka, kisha uikunje iwe tao: hakuna mstari hata mmoja utakaobaki umenyooka. Ndivyo ilivyo kwa mawe hayo. Upande ambao jiwe moja linamlalia mwenzake hauwezi kuwa bapa, bali hujipinda kidogo kama panga la pangaboi, na yale ya chini kabisa hukalia ukuta uliochongwa kwa meno kama ya msumeno. Ni hesabu ambayo waashi wengi wa zama hizo hawakuwa wameizoea, na ndiyo sababu kielelezo cha mbao chenye ukubwa kamili wa daraja kilitengenezwa katika shamba la jirani, ili umbo la kila jiwe lipatikane hapo kabla ya kuchongwa.

Gharama ya mshazari huonekana hata kwenye kipimo. Nafasi ya kuvuka, ikipimwa kwa pembe mraba, ni takriban mita 9. Lakini ikipimwa kwa kufuata barabara inafikia kama mita 16.5, karibu mara mbili. Katika madaraja ya mshazari yapatayo 15 yaliyojengwa kwenye njia hiyo, hili ndilo lililolala zaidi.

Kinachonishangaza zaidi ni tarehe. Jiwe la kumbukumbu linataja Juni 1829, wakati ambapo wakurugenzi wa kampuni walikuwa hawajaamua hata ni nini kitakachovuta mabehewa: mashine zinazotembea, au mashine zilizosimama mahali pamoja na kuvuta kwa kamba. Jibu lilipatikana Oktoba mwaka huohuo, na lilipatikana hapohapo Rainhill, kwenye kile kipande tambarare, yalipofanyika mashindano ya zawadi ya pauni 500 ambayo Rocket, mashine ya Robert Stephenson, mwana wa George, ilishinda. Magari ya farasi yalikwisha toweka juu ya daraja, na Rocket imo katika jumba la makumbusho, lakini malori bado yanapita juu na treni chini.