Kompyuta Imegoma Kuwaka? Usikubali Kuformatiwa Haraka

Hapa Wandegeya, mlangoni mwa Makerere, wanafunzi huniletea laptopu wakiwa wameshakata tamaa. "Ssebo, piga tu Windows upya." Ukiuliza ndani kuna nini, ni tasnifu ya miaka miwili, na nakala nyingine hakuna. Huwa naumia, maana kabla ya kufuta chochote kuna mlango wa kujaribu kwanza: hali salama, ile ambayo skrini huiandika "Safe Mode". Haya ndiyo maneno ninayoyasikia juu yake, na majibu yangu.

"Hali salama inafuta mafaili."
Haifuti. Windows inawaka ikiwa imebeba draiva chache za msingi (programu ndogo zinazoendesha vifaa kama skrini na kibodi) na huduma za lazima tu. Programu zinazojiwasha zenyewe zinabaki nje. Skrini ikija nyeusi na picha zimevimba, usishtuke, ndivyo inavyokuwa. Kinachofuta ni kuformati, yaani kusafisha diski yote ili Windows iwekwe upya.

"Bonyeza F8."
Ushauri huu ulifaa enzi za Windows 7. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kompyuta inawaka haraka na njia hiyo imefungwa, isipokuwa mtu aifungue mwenyewe. Siku hizi unaiwasha, nembo ikitokea unashikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime, unarudia mara mbili au tatu. Windows ikiona imeshindwa mfululizo, inaleta yenyewe skrini ya ukarabati. Humo fuata "Troubleshoot", "Advanced options", "Startup Settings", kisha "Restart". Ikirudi, bonyeza 4, au 5 kama utahitaji intaneti.

Njiani inaweza kukudai ufunguo wa BitLocker, kufuli ya Windows inayolinda diski, wenye tarakimu 48. Hapo ndipo wengi huambiwa "diski imekufa". Haijafa, imefungwa. Chukua simu, ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft; mara nyingi ufunguo umehifadhiwa huko. Na kama PIN inakataliwa, jaribu nenosiri lenyewe.

"Imewaka kwa hali salama, basi imepona."
Bado. Imekuonyesha tu upande wa kutazama: kiini cha Windows kinafanya kazi, kwa hiyo mshukiwa ni draiva, programu au sasisho la karibuni. Kabla ya kushika kingine chochote, chomeka flashi unakili kazi zako. Ndipo ujiulize: niliweka nini mara ya mwisho? Kiondoe, au rudisha draiva ya zamani, au tumia "System Restore" uirejeshe kompyuta kwenye siku ilipokuwa nzima.

Tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, za mashirika ya ndege na hospitali zikiwemo. Mafundi waliingia hali salama au mazingira ya ukarabati, wakafuta faili moja lenye kasoro, wakawasha upya. Haikuhitajika kuformati. Mkumbushe hilo fundi mwenye haraka.

"Jina lake ni salama, basi virusi havifanyi kazi humo."
Vingine hufanya, na mara nyingi kinga yako ya virusi ndiyo inayolala. Usizurure mtandaoni ukiwa humo.

"Inatibu kila ugonjwa."
Kama hakuna taa, hakuna feni, hakuna chochote, hali salama haina pa kuanzia. Tazama chaja, betri, soketi. Umeme wetu ukikatika na kurudi kwa kishindo unaweza kuunguza chaja au kompyuta yenyewe. Na diski ikigonga tik-tik-tik, izime mara moja, usiijaribujaribu: kila ukiiwasha unahatarisha kilichomo.

Kutoka kwenye hali salama, kuwasha upya kwa kawaida kunatosha. Ikirudi palepale kila mara, andika msconfig kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows, uifungue, nenda sehemu ya "Boot", ondoa tiki kwenye "Safe boot".