Kinyama Kiko Maabara, Wewe Uko Nyumbani

Nikimaliza kukata kinyama kwenye ngozi ya mgonjwa ili kipimwe kama kina saratani, na kufunga bandeji, swali la kwanza ni moja karibu kwa kila mtu: "Daktari, majibu lini?" Akiambiwa wiki moja au mbili, hushukuru na kuondoka. Mimi ni daktari wa ngozi, na nimeshaona wengi ambao kidonda kilikauka vizuri huku hofu ikiwanyima usingizi. Wengi wao hawakujua kinyama chao kiko wapi, kinafanywa nini, wala nani atawapigia simu. Kwa hiyo naomba tukifuate hicho kinyama kwanza, halafu turudi kwako.

Kwa kawaida nachukua kipande kwa kifaa cha duara chenye upana wa milimita 3 au 4, au naliondoa doa lote na kushona. Kipande kinaingia kwenye kichupa cha formalini ili seli zibaki jinsi zilivyokuwa mwilini. Hatua hiyo huchukua saa nyingi, mara nyingi hadi kesho yake. Maabara wanakitoa maji kwa kukipitisha kwenye alkoholi, kisha wanakizamisha kwenye nta ya moto, nayo ikipoa inakuwa bonge gumu. Mashine yenye wembe inalikata bonge hilo vipande vya maikromita 3 hadi 5, vyembamba kiasi kwamba mwanga unapenya. Vinalazwa kwenye kioo na kutiwa rangi: viini vya seli vinakuwa vya buluu au zambarau, sehemu nyingine waridi. Hapo ndipo daktari wa patholojia anapoketi kwenye hadubini. Akiona jambo linalotatanisha, ataomba rangi maalumu zinazonasa protini fulani, au vipande vingine kutoka kwenye bonge lilelile, au atamwita mwenzake naye atazame. Kila ombi la namna hiyo linaongeza siku.

Nimeeleza kwa kirefu kwa sababu wagonjwa huzisoma siku. Ya kumi ikipita, mtu anajiambia: wameona kitu, wanaogopa kunieleza. Kuchelewa hakusemi hivyo. Kuna melanoma, saratani ya ngozi iliyo hatari zaidi, inayotambulika mara tu kioo kinapowekwa kwenye hadubini, na kuna madoa yasiyo na madhara yoyote ambayo sura yake inamsumbua mtaalamu hadi aombe rangi zaidi ya mara moja. Usiusome uso wangu pia. Ninapoinama na kile kilenzi chenye taa, nakunja kipaji na kunyamaza. Ndivyo ninavyotazama kila doa, hata lile ambalo nitalisahau jioni.

Jambo jingine linalowatesa watu kimyakimya ni ile imani kwamba kansa ikiguswa na kisu inasambaa. Kukata kinyama cha ngozi hakusambazi saratani. Bila hicho kinyama, hakuna daktari anayeweza kukupa matibabu sahihi. Na neno "saratani ya ngozi" lenyewe limebeba magonjwa tofauti sana. Kasinoma ya seli za basali hukua polepole na ni nadra mno kusambaa. Ile ya seli za skwamasi inaweza kusambaa, lakini ikiwahiwa mara nyingi hukatwa ikaisha. Melanoma ndiyo tunayoiogopa zaidi, na hata hiyo jambo kubwa ni unene wake, unaopimwa kwa milimita. Iliyo nyembamba mara nyingi hupona kwa upasuaji peke yake.

Sasa hofu. Mwaka 2016 watafiti wa University College London waliwapa watu mchezo wa kompyuta wa kukisia kama chini ya jiwe kuna nyoka. Nyoka akiwepo, mchezaji anapigwa shoti ya umeme mkononi. Walioonyesha msongo mkubwa kuliko wote hawakuwa wale waliojua kwa hakika kwamba shoti inakuja. Msongo ulifikia kilele pale uwezekano ulipokuwa nusu kwa nusu. Kwa hiyo ukihisi kwamba kusubiri ni kubaya kuliko hata jibu baya, hujadhoofika akili. Ubongo wa binadamu ndivyo unavyoitikia kutojua.

Mwanasaikolojia Kate Sweeny wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, amechunguza kusubiri kwa miaka mingi, pamoja na wahitimu wa sheria wanaongoja matokeo ya mtihani wa uwakili. Amegundua kwamba wasiwasi huwa juu mwanzoni, hushuka katikati, halafu hupanda tena siku ya majibu inapokaribia. Waliojaribu kujilazimisha kutowaza au kuwa na matumaini hawakupata nafuu ya maana. Kilichosaidia kidogo ni kutafakari kwa utulivu na shughuli inayomeza akili yote.

Ndiyo maana siwaambii wagonjwa "usiwaze". Nawaambia wayatengee mawazo saa yake. Chagua nusu saa ya mchana, iwe ileile kila siku, kaa na daftari, andika kila unachokiogopa. Hofu ikija saa nyingine, iandike neno moja uiahirishe hadi saa hiyo. Njia hii ilianza kufanyiwa utafiti miaka ya 1980, na naipenda kwa sababu haimdai mtu ushujaa. Usiku wa manane, moyo ukienda mbio, vuta pumzi taratibu na uitoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, dakika chache tu. Simu iache chumba kingine. Picha nyingi za saratani mtandaoni ni za hali mbaya mno, na hakuna hata moja iliyopigwa kwenye ngozi yako.

Tafuta kazi ya mikono au ya akili inayokupotezea saa: kushona, kulima, hesabu, kwaya. Runinga peke yake haitoshi, macho yanatazama huku akili iko maabara. Na kama kila ndugu anakuuliza "bado?", mteue mmoja awe anawajibu wengine. Ukianza kushindwa kula au kulala siku kadhaa mfululizo, au likija wazo la kujidhuru, hiyo si ya kungojea majibu. Mwone daktari siku hiyohiyo.

Kuna mambo matatu ambayo ningetaka kila mtu ayapate kabla ya kutoka mlangoni kwa daktari wake: tarehe ambayo majibu yanatarajiwa, jina la atakayeyatoa, na kama ni kwa simu au ana kwa ana. Uliza pia kama mtu yeyote atakupigia kwa jambo jingine, maana nimeona mtu akikaribia kuzimia kwa simu iliyokuwa inamkumbusha tu kutolewa nyuzi. Tarehe ikipita, piga wewe. Kimya kisichukuliwe kuwa habari njema wala mbaya. Karatasi hupotea, namba za simu huandikwa vibaya.

Siku ya majibu nenda na mtu, naye ndiye aandike, kwa sababu ukishasikia neno la kwanza zito mengine yote yatakupita. Ulizeni ni aina gani, kama kingo za kipande zilikuwa safi, yaani hazina seli za saratani, kama ni melanoma unene ni milimita ngapi, na hatua inayofuata ni lini. Kisha ombeni nakala ya ripoti yenyewe na muitunze, hata kama imeandikwa kwamba hakuna saratani. Siku doa jingine likitokea, daktari atakayekuona atataka kuisoma.