Miaka saba si sheria ya kila karatasi

Hapa Lamu utalisikia kila nyumba ikisafishwa kabla ya Ramadhani: karatasi ikitimiza miaka saba, choma. Watu hulishika neno hili kama sheria. Sivyo, na kuna waliopoteza haki zao kwa kuliamini.

Sheria ya Kenya ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipa kodi atunze kumbukumbu zake miaka 5, kuanzia mwisho wa kipindi husika. Madai ya mkataba, kama vile deni, yana miaka 6 kufikishwa mahakamani. Barua ya kuthibitisha umemaliza mkopo mimi ningeiweka daima. Ni karatasi moja tu.

Ardhi ndiyo kubwa. Kesi ya kudai ardhi ina miaka 12, na mirathi yetu mara nyingi hukaa bila kugawanywa hadi wajukuu. Bibi mmoja wa Langoni alinifungulia sanduku lake: chini ya kanga, mkataba wa shamba wa marehemu mumewe, kingo zimeliwa na mchwa, sahihi za mashahidi bado zasomeka. Huo, pamoja na risiti za kodi ya ardhi, hauchomwi kamwe.

Bili ya maji ya nyumbani, ikiwa ya mwezi unaofuata haionyeshi deni, itupe. Risiti za dukani zipige kopi mapema: nyingi huchapwa kwa joto, si kwa wino, na joto letu huzifuta zikabaki nyeupe.