Wakazi kutokuja mkutanoni si kutojali

Ukumbi ukibaki mtupu, lawama huwa ile ile: watu wa mtaa huu hawajali maendeleo. Mara nyingi si hivyo. Wameshazoea kuitwa uamuzi ukiwa umepita, na kinachotakiwa kwao ni saini kwenye karatasi ya mahudhurio tu (na picha, bila shaka).

Tazama Dudley Street, mtaa wa Boston, Marekani, uliokuwa umejaa viwanja vitupu vilivyogeuzwa majalala. Mpango wa kuufufua ulipoanza mwaka 1984, bodi iliyopendekezwa iliwatengea wakazi viti vichache. Wakaja juu, wakadai wawe wengi humo, wakakubaliwa. Moja ya kazi zao za mwanzo ilikuwa kupambana na utupaji taka kiholela, jambo ambalo kila mtu aliliona mlangoni kwake. Mwaka 1988 wakapewa mamlaka ya kutwaa kisheria viwanja vilivyotelekezwa, kitu adimu mno kwa chombo cha wakazi.

Kwa hiyo kabla ya kuhesabu vichwa, uliza kikao chenyewe kina uwezo wa kubadilisha nini. Na kikipangwa saa nane mchana siku ya kazi, usishangae.