Utengamao wa mapafu ni nini, na siku ya kwanza inakuwaje?

Hali ikitengamaa, imetulia, imekaa sawa. Mgonjwa aliyetengamaa huenda hajapona, lakini anaoga mwenyewe, anakwenda msikitini au kanisani na kurudi kwa miguu yake. Huko ndiko lilikotoka neno utengamao, linalotumika hospitalini kwa huduma za kumrudishia mtu uwezo wake baada ya ugonjwa au ajali. Utengamao wa mapafu ni mpango wa wiki 6 hadi 12 kwa watu wenye magonjwa sugu ya mapafu. Mtu hupimwa kwanza, kisha hupangiwa mazoezi yanayolingana na hali yake, akisimamiwa walau mara mbili kwa wiki, huku akifundishwa ugonjwa wake, dawa zake na namna ya kuitawala pumzi.

Wanaopelekwa huko ni wengi kuliko watu wanavyodhani. Wamo wenye njia za hewa zilizoziba taratibu kwa sigara au moshi wa kuni, wenye pumu ya miaka mingi, wenye mirija ya hewa iliyotanuka na kujaa makohozi kila asubuhi. Na kwetu Afrika Mashariki kuna kundi kubwa linalosahaulika: waliomaliza dawa za TB, wakaambiwa wamepona, na kweli vijidudu vimekwisha, lakini mapafu yamebaki na makovu. Mtu wa namna hiyo hukohoa na kuhema, na majirani humkwepa wakidhani TB imerudi.

Mpango huu hauyarekebishi mapafu, na ni bora mtu alijue hilo mapema. Ukipuliza kwenye spirometa, kifaa cha kupima nguvu na kiasi cha pumzi, kabla ya kuanza na ukapuliza tena baada ya wiki nane, namba zitakuwa karibu zilezile. Wapo wanaokata tamaa wakisikia hivyo. Kinachorekebishwa ni miguu.

Mtu akianza kuishiwa pumzi, anapunguza mwendo. Kwanza anaacha njia yenye kilima. Kisha sokoni anatuma mtoto. Mwisho hata maji anachotewa, na kila mtu nyumbani anamwambia kwa upendo, "Wewe kaa tu, mama." Anakaa. Mapaja yananywea. Msuli ulionywea huitumia oksijeni vibaya na huzalisha asidi mapema, na mwili hudai hewa zaidi ili kuisafisha. Mapafu yenyewe hayana akiba ya kutoa. Kwa hiyo kazi ileile iliyokuwa ikimchosha kidogo mwaka jana, mwaka huu inamfanya atwete, ingawa mapafu hayajaharibika zaidi. Anakaa tena, na mapaja yananywea zaidi. Makovu ya mapafu hatuwezi kuyafuta, lakini msuli wa paja unarudi hata kwa mtu wa miaka 70 ukifanyishwa kazi.

Nilimsindikiza shangazi yangu siku yake ya kwanza. Hajavuta sigara maisha yake yote. Amepikia mafiga matatu ndani ya jiko lisilo na dirisha tangu akiwa msichana. Alikuwa na hofu kubwa, maana aliambiwa kuna mazoezi, akawaza kukimbia. Akakuta korido, koni mbili za plastiki na viti vitatu vimewekwa ukutani. Alibanwa kidoleni kile kifaa kidogo cha kupima oksijeni, akapimwa presha, akaulizwa ni kazi gani iliyokuwa ikimkwaza nyumbani. Akasema, "Ndoo." Mtaalamu wa viungo akaandika.

Kisha akaambiwa atembee dakika sita kwa mwendo wake mwenyewe, aende na kurudi kati ya koni, apate umbali mrefu kadiri anavyoweza. Kwa kawaida njia hiyo huwa na urefu wa mita 30. Kupumzika kunaruhusiwa, ila saa haisimamishwi. Shangazi alisimama mara mbili, mkono ukutani. Kila aliposimama aliulizwa: "Shangazi, kuanzia sifuri mpaka kumi, kifua kinabana kiasi gani sasa?" Mara ya kwanza alijibu, "Kinabana sana." Mara ya pili alijibu, "Tano." Nililipenda sana jibu hilo la pili. Kwa miaka mingi alikuwa na neno moja tu la kuelezea hali yake, na siku hiyo alipata ngazi ya kuipima.

Ngazi hiyo ndiyo inayoongoza mazoezi. Mgonjwa hufundishwa afanye kazi hadi kwenye 3 au 4, yaani ahisi anahema lakini bado aweze kujibu salamu. Kuhema kwa namna hiyo hakuyaumizi mapafu. Ni jambo gumu kuliamini kwa mtu ambaye kila akihema amezoea kuona kifo, na ndiyo maana mpango unahitaji msimamizi aliye karibu na kifaa kidoleni. Hofu nayo hupungua kwa mazoezi.

Mazoezi yenyewe ni ya kawaida: kutembea, kukaa na kusimama kwenye kiti bila kujishika, kupanda kidaraja kimoja cha ngazi na kushuka, kunyanyua chupa ya nusu lita iliyojazwa maji na baadaye mchanga. Kwa pumzi, unavuta kwa pua, kisha unatoa taratibu kwa midomo iliyobanwa kama unapoza uji wa moto kikombeni. Utoaji uwe mrefu kuliko uvutaji. Na unapofanya kazi nzito, pumzi itoke wakati wa nguvu: unainama, unavuta, unanyanyua huku unapuliza. Watu wengi hubana pumzi wakinyanyua mzigo, na hapo ndipo wanapokwama.

Wazo hili si geni. Huko Denver, Marekani, daktari Thomas Petty na wenzake walikuwa wakiwaendeshea wagonjwa wa mapafu mipango ya namna hii tangu miaka ya 1960. Mwaka 2015 shirika la Cochrane, linalokusanya na kuchambua tafiti za tiba, liliunganisha tafiti 65 zenye washiriki 3,822 wenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Faida ilikuwa wazi kiasi kwamba wahariri waliona hakuna haja tena ya tafiti za kulinganisha wanaopata mpango na wasioupata. Kampala nako, katika Hospitali ya Mulago, watu waliobaki na makovu ya TB walipitishwa mpango wa wiki 6, vipindi viwili kwa wiki. Matokeo yaliyochapishwa 2017 yalionyesha wanatembea mbali zaidi. Ninaumia kuona huduma isiyohitaji mashine ya gharama bado inapatikana katika hospitali chache hivi.

Kabla ya kuanza, daktari akuone. Mwenye TB inayoambukiza atibiwe kwanza. Mwenye maumivu ya moyo yasiyotulia au aliyepata shambulio la moyo karibuni asubiri ruhusa. Kinyume chake, aliyelazwa kwa kubanwa pumzi na ugonjwa wa mapafu asidhani ni lazima apumzike miezi: inashauriwa aanze ndani ya wiki 4 baada ya kuruhusiwa, kwa kuwa ndipo misuli inapoporomoka haraka. Siku ya kipindi vaa viatu vya chini visivyoteleza, kula kidogo, na njoo na dawa zako zote, hasa ile ya kuvuta. Wengi hugunduliwa hapo kwamba wamekuwa wakiivuta vibaya, dawa ikiishia mdomoni.

Kama hakuna mpango karibu, mwombe daktari au mtaalamu wa viungo akupime na kukuandikia wa nyumbani. Kutembea siku nyingi za wiki na kiti cha kukaa na kusimama ni mwanzo mzuri. Ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu, midomo kubadilika rangi au damu kwenye makohozi, acha na utafute msaada siku hiyohiyo. Na wiki zikiisha usirudi kukaa tu: bila kuendelea, faida huanza kupotea ndani ya mwaka.

Shangazi alipimwa tena mwishoni. Namba za spirometa zilikuwa zilezile. Koridoni alisimama mara moja tu. Nyumbani ameanza kuchota maji kwa ndoo ndogo ya lita 10, na kila anapoinyanyua unamsikia akipuliza.